Uzi: Tando zinazoyeyuka mwilini katika kujenga upya mfupa wa taya kabla ya kipandikizi cha jino

Msomaji_Upanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naileta hoja hii kwa wenye taaluma ya kinywa na kwa wale waliokwisha kupitia matibabu ya aina hii. Gego langu la chini, upande wa kushoto, liling'olewa miaka mingi iliyopita, na sasa nataka kuwekewa kipandikizi cha titani, yaani mzizi bandia wa jino unaozamishwa kwenye mfupa, badala ya kuendelea na meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Daktari alipiga skani ya pande tatu akaniambia kwamba kimo cha mfupa kinatosha, ila upana umebaki milimita 4 tu, na kwamba itabidi mfupa ujengwe upya kwanza kwa chembechembe za mfupa zitakazofunikwa na utando unaoyeyuka wenyewe. Baada ya hapo nitasubiri kiasi cha miezi 6 ndipo kipandikizi kiwekwe.

Yako mambo ambayo sikuyaelewa. Mfupa wa mguu ukivunjika hujiunga bila kufunikwa na chochote, sasa wa taya una nini hata uhitaji utando? Na kitu kinachoyeyuka kitaulindaje mfupa unaochukua miezi kukua? Isitoshe, fomu niliyopewa nisaini imeandika "kolajeni ya mnyama", yaani protini ya nyuzi za ngozi na kano, bila kumtaja mnyama mwenyewe.

Tabibu_Kinywa

Ndugu Msomaji, nitakujibu kama daktari wa upasuaji wa kinywa, kwa sharti kwamba skani yako sijaiona na maneno yangu hayachukui nafasi ya maneno ya aliyeiona.

Mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Jino likitoka, ule ukuta mwembamba wa upande wa shavu huanza kulika mara moja, kwa sababu sehemu yake kubwa ilikuwa ikilishwa na mishipa ya damu iliyopita kwenye nyuzi zinazolishikilia jino. Utafiti wa Schropp na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, ambao wagonjwa waling'olewa magego na kufuatiliwa kwa miezi 12, ulionyesha kwamba upana wa ukingo wa taya ulishuka kutoka wastani wa milimita 12 hadi kama milimita 6, na theluthi mbili za hasara hiyo zilitokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Milimita zako 4 baada ya miaka mingi hazinishangazi hata kidogo. Kipandikizi cha kawaida cha gego kina kipenyo cha milimita 4 au zaidi kidogo, nasi tunapenda kibaki na mfupa usiopungua milimita 1 hadi 1.5 kila upande, kwa hiyo hesabu yenyewe inakataa.

Kuhusu mguu: mfupa uliovunjika una ncha mbili zinazotazamana, nafasi kati yake ni ndogo, na hujazwa na damu iliyoganda ambayo ndani yake seli za mfupa hufanya kazi yao. Kwako wewe tunataka mfupa uote kwenda nje, mahali ambapo sasa hivi pana fizi. Seli za fizi na za nyama laini husafiri na kuzaliana upesi kuliko seli zinazojenga mfupa. Tukimwaga chembechembe za mfupa chini ya fizi na kushona bila kizuizi, nyama hupenya katikati yake kabla mfupa haujafika, na baada ya miezi tunakuta kovu laini lililochanganyika na punje zisizoshikana. Utando huwekwa ili kuzizuia seli za nyama, huku seli za mfupa na mishipa ya damu kutoka kwenye taya lenyewe zikipewa muda wa kuijaza nafasi iliyotengwa.

Hapo ndipo swali lako la kuyeyuka linapokuwa zito kuliko yote, nami nitalijibu kwa urefu. Utando hauhitaji kudumu mpaka mfupa ukomae. Unahitaji kudumu mpaka nafasi ile iwe imekwisha kushikwa na mishipa ya damu na mfupa mchanga, kiasi kwamba nyama ikija haina pa kuingia. Muda huo hutegemea ukubwa wa pengo na idadi ya kuta za mfupa zilizobaki kulizunguka. Shimo lenye kuta pande zote, kama tundu la jino lililong'olewa leo, hujaa upesi kwa sababu mfupa unatoka kila upande. Ukingo uliolika kama wako una ukuta mmoja tu wa kutegemea, hivyo mfupa una safari ndefu zaidi. Utando wa kolajeni ya asili, yaani ambayo nyuzi zake hazikufungwa pamoja kwa kemikali, huanza kumeng'enywa ndani ya wiki chache na vimeng'enya vinavyotolewa na seli za kinga, na uwezo wake wa kuzuia hupungua polepole kuanzia hapo. Ule ambao nyuzi zake zimefungwa pamoja hudumu kwa miezi, lakini kadiri unavyofungwa ndivyo mishipa ya damu inavyopata taabu kuupenya na ndivyo fizi inavyochelewa kuupokea. Watengenezaji wote wanapima kati ya mambo hayo mawili, wala hakuna aliyeyapata yote.

Jambo la mwisho kwa sasa: utando wa kolajeni ukilowa damu hulegea. Hauwezi kusimama wenyewe. Ukiutandika juu ya pengo tupu, utaporomoka ndani yake mithili ya turubai lisilo na nguzo, na mfupa utapata nafasi ile tu iliyosalia chini yake. Ndiyo maana daktari wako anazungumzia chembechembe: kazi yake ya kwanza ni kuushikilia utando juu, na ya pili ni kuwa ngazi ya seli kupandia.

Mtafiti_Chuo

Naomba niongeze historia kidogo, kwa kuwa inaonyesha kwamba jambo hili halikuanza na biashara ya vipandikizi. Mwaka 1976 mtafiti Melcher aliandika kwamba aina ya seli zitakazowahi kufika kwenye uso wa mzizi wa jino baada ya upasuaji ndizo zitakazoamua ni nini kitaota pale. Mwaka 1982 Nyman, Lindhe na wenzao wa Göteborg, Sweden, waliijaribu hoja hiyo kwa binadamu: waliweka karatasi ya chujio la maabara kati ya fizi na mzizi wa jino la mbele la chini ambalo lilikuwa ling'olewe kwa vyovyote, na baada ya miezi 3 walipolichunguza kwa hadubini wakakuta nyuzi mpya zimejishika kwenye mzizi.

Kwa upande wa mfupa, jaribio linalotajwa zaidi ni la Dahlin na wenzake la mwaka 1988, nalo pia ni la Göteborg. Walitoboa matundu kwenye mataya ya panya, pande zote mbili, kisha upande mmoja wakafunika kwa utando wa tefloni, plastiki isiyoyeyuka mwilini, na mwingine wakauacha. Panya wote walikuwa wamejaza mfupa upande uliofunikwa ifikapo wiki ya 6. Upande wa pili haukuonyesha dalili ya maana ya kupona hata baada ya wiki 22. Mnyama ni yule yule, chakula ni kile kile, damu ni ile ile, tofauti ni utando tu. Sijui jaribio jingine katika fani hii lililo jepesi kueleweka kuliko hilo.

Bahari_Mombasa

Ahsanteni nyote. Sasa kama tefloni iliwafaa panya kiasi hicho, kwa nini tuliiacha tukaja kwenye vitu vya kuyeyuka? Nauliza kwa kuwa mimi, kama fundi, huamini kitu kisichobadilika kuliko kinachoharibika chenyewe.

Tabibu_Kinywa

Bwana Bahari, hatukuiacha kabisa. Tefloni iliyotanuliwa, ile inayofahamika zaidi kwenye makoti ya mvua, ndiyo iliyotawala fani hii miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na matoleo ya tefloni yaliyotiwa uti wa titani bado hutumika pale tunapotaka mfupa uongezeke kwenda juu, kwa sababu hubaki na umbo tulilolipa. Shida zake zilikuwa mbili. Haiyeyuki, kwa hiyo ni lazima fizi ifunguliwe tena kuitoa. Na fizi ikipasuka juu yake, mate na bakteria huingia kwenye vitundu vyake, na kwa ile ya zamani yenye vitundu vingi mara nyingi hapakuwa na njia isipokuwa kuiondoa kabla ya wakati na kupoteza sehemu ya mfupa uliokuwa unaota.

Tando za kwanza za kuyeyuka zilizoingia sokoni zilikuwa za polima za asidi ya laktiki na ya glikoliki, jamii ile ile ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka. Hizo hazihitaji kimeng'enya. Maji ya mwilini huzikata taratibu mpaka zibaki asidi ndogo ndogo ambazo mwili huzichoma na kuzitoa kama maji na hewa ya ukaa. Ubaya wake ni kwamba asidi hiyo ikitoka kwa wingi kwa wakati mmoja huweza kuleta uvimbe. Kolajeni ilikuja kushika nafasi kubwa zaidi kwa sababu husaidia damu kuganda, fizi huipokea vizuri, na kama imefunuka kinywani mara nyingi fizi hujifunga juu yake bila kufanyiwa lolote. Siku hizi ipo pia tando ya madini ya magnesi, ambayo ni ngumu mwanzoni na huliwa baadaye huku ikitoa hewa ya haidrojeni. Mimi bado naitazama kwa mbali.

Nikuambie pia kwamba ulegevu wa kolajeni umepatiwa dawa ya kifundi. Istvan Urban wa Budapest ameeneza namna ya kuuvuta utando wa kolajeni ukakaza juu ya mchanganyiko wa mfupa wa mgonjwa mwenyewe na punje za mfupa wa ng'ombe, kisha kuupigilia kingo zote kwa misumari midogo ya titani mpaka chembechembe zote zitulie pasipo kucheza. Katika ripoti yake ya mwaka 2013 ukingo uliongezeka upana kwa zaidi ya milimita 5 kwa wastani. Utulivu huo ndio siri. Chembechembe zinazotikisika kila ukitafuna hazizai mfupa, uwe umeweka utando wa bei gani.

Mkaazi_Maskati

Assalaam alaykum. Naomba tusilipite swali la mnyama. Hapa Maskati niliwahi kuuliza nikaambiwa "ni kolajeni tu, imesafishwa". Nilipoomba kuona karatasi ya ndani ya pakiti ndipo nikasoma kwamba inatokana na nguruwe. Nani mwenye wajibu wa kusema, daktari au mgonjwa kuuliza?

Tabibu_Kinywa

Wa alaykum salaam. Wajibu ni wa daktari, na fomu inayosema "mnyama" bila kumtaja haitoshi. Chapa inayojulikana zaidi duniani, Bio-Gide ya kampuni ya Uswisi iitwayo Geistlich, inatokana na nguruwe, na ziko nyingine nyingi za ngozi ya nguruwe au za ngozi nyembamba inayoufunika moyo wake. Lakini si hizo tu. Ziko za kano ya kisigino ya ng'ombe, ziko za ngozi inayofunika moyo wa ng'ombe au wa farasi, na ziko zile za polima ambazo hazina mnyama ndani yake. Mgonjwa wa Kihindu naye huenda akaikataa ya ng'ombe, kwa hiyo ni vyema swali liulizwe kwa kila mtu bila kukisia dini yake kwa jina. Tena tusisahau zile chembechembe: punje nyingi za mfupa zinazouzwa ni za ng'ombe, na baadhi ni za nguruwe, kwa hiyo anayeuliza habari za utando peke yake ameuliza nusu.

Fatwa si kazi yangu. Najua wanazuoni wanaojadili kubadilika kwa kitu najisi kikawa kitu kingine wametofautiana, na kwamba wengine huangalia dharura. Kwa upande wa tiba naweza kusema mambo mawili yatakayomsaidia anayekwenda kumuuliza shehe wake. La kwanza, kolajeni ya asili kwenye utando huu husafishwa lakini haigeuzwi kuwa kitu kingine. Nyuzi zake hubaki karibu na zilivyokuwa kwenye mnyama, na ubora wa utando unatokana na hapo, kwa hiyo mfano wa jelatini iliyochemshwa na kuvunjwa haukai sawasawa juu yake. La pili, ni mara chache mno ambapo utando wa nguruwe hauna mbadala kabisa. Neno "dharura" lisitumike kwa sababu tu duka la vifaa lina aina moja kabatini.

Mkaazi_Maskati

Jibu limenitosha, daktari. Niongeze kwamba hata utando wa ng'ombe si lazima uwe wa ng'ombe aliyechinjwa kwa utaratibu wetu, kwa hiyo anayejali hilo aombe cheti cha chanzo. Na je, ile ya damu ya mgonjwa mwenyewe inayozungushwa kwenye mashine?

Mtafiti_Chuo

Hiyo ni fibrini (nyuzi za damu iliyoganda) yenye chembe sahani nyingi, yaani chembe za kugandisha damu, njia iliyoanzishwa Ufaransa na Choukroun mwaka 2001. Damu huzungushwa bila dawa ya kuizuia kuganda, ikapatikana tando laini ya manjano. Inasaidia fizi kupona na ni ya mgonjwa mwenyewe, jambo linaloondoa maswali mengi. Ila huyeyuka ndani ya wiki moja hadi mbili tu, muda ambao kwa hoja aliyoieleza daktari hautoshi kuizuia nyama kwenye ukingo uliolika. Wengi huiweka juu ya kolajeni, si badala yake.

Mama_Tanga

Wanangu, mimi nilijengewa mfupa wa taya la juu katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Siku ya 9 mshono ulifunguka nikaona kitu cheupe kama karatasi iliyolowa. Nilipopiga simu nikaambiwa ni kawaida, nisijali. Baadaye kipandikizi kilipowekwa nikaambiwa mfupa ni haba, ikabidi niongezewe tena. Je, walinidanganya?

Tabibu_Kinywa

Shikamoo mama. Pole kwa usumbufu. Waliposema ni kawaida walisema nusu ya kweli. Kufunuka kwa utando ndilo tatizo linalotokea mara nyingi kuliko mengine katika upasuaji huu, na ukiwa wa kolajeni ya asili fizi hujifunga yenyewe katika wiki kadhaa zinazofuata, bila usaha na bila kuutoa. Lakini utando uliofunuka huliwa haraka sana, kwa sababu vimeng'enya vya mate na vya bakteria huungana na vile vya mwili. Kizuizi kikitoweka mapema, mfupa hupungua. Uchambuzi wa Machtei wa mwaka 2001 uliounganisha tafiti kadhaa ulikuta kwamba kufunuka hakukuathiri sana matibabu ya fizi kwenye meno ya asili, ila pale mfupa ulipokuwa ukijengwa kuzunguka vipandikizi hasara ilikuwa kubwa. Kwa hiyo ulistahili kuitwa uangaliwe, upewe dawa ya kusukutua ya klorheksidini, uzuiwe kuvaa meno ya bandia juu ya mahali pale, na uambiwe tangu siku hiyo kwamba huenda mfupa ukawa haba.

Sababu ya kufunuka kwa kawaida ni mvutano. Tukiongeza ujazo chini ya fizi, fizi ile ile iliyofunika ukingo mwembamba haitoshi tena kufunika ukingo mnene, na ni lazima ilegezwe kwa kukata ngozi ngumu inayoambatana na mfupa upande wa ndani mpaka kingo zikutane zenyewe bila kuvutwa na uzi. Hatua hiyo huchukua muda na haionekani kwenye eksirei, kwa hiyo ndiyo inayofupishwa na mwenye haraka. Sigara, kisukari kisichodhibitiwa na meno ya bandia yanayokandamiza huja baada ya hapo.

Mchambuzi_Kariakoo

Samahani, nitakuwa mkali kidogo. Punje, utando, misumari, damu ya kuzungushwa, na kila kimoja kina bei yake. Sisi wagonjwa tutajuaje kwamba mfupa kweli haupo, na si kwamba bili ndiyo haijanenepa?

Tabibu_Kinywa

Ukali wako una haki. Mgonjwa aombe aonyeshwe skani ikiwa imekatwa kwa upande, palipoandikwa upana kwa milimita, wala asiridhike na eksirei bapa, kwa kuwa hiyo huonyesha kimo tu na haiwezi kuonyesha unene. Upana ukiwa milimita 6 mara nyingi kipandikizi kinaweza kuwekwa siku hiyo hiyo, na sehemu ndogo itakayobaki wazi ikafunikwa kwa punje na utando kwa mkupuo mmoja. Kwa jino dogo la mbele kipo kipandikizi chembamba cha milimita 3.3. Panapokosekana kimo nyuma ya taya, vipandikizi vifupi vya milimita 6 vimepunguza sana haja ya kujenga mfupa. Na daraja la kawaida, yaani jino bandia linaloshikwa na meno ya jirani, lipo, hasa pale meno hayo tayari yameharibika na yangehitaji kuvishwa kofia kwa vyovyote. Lakini milimita 4 kwa gego, kama za Msomaji, kwa kweli ni haba. Mfupa uliojengwa vizuri hauna unyonge. Tafiti nyingi zinaonyesha zaidi ya vipandikizi 9 kati ya 10 vilivyowekwa humo hudumu kwa miaka kama vile vilivyowekwa kwenye mfupa wa asili.

Kuna wagonjwa ambao mimi huwazuia kwanza: wanaovuta sigara nyingi na hawataki kuacha, wenye kisukari ambao kipimo chao cha wastani wa sukari cha miezi 3 kiko juu, wenye fizi zinazotoa usaha, na wanaotumia dawa za kuzuia mifupa kulika, hususan zile za sindano wanazopewa wenye saratani, kwa sababu kidonda cha taya kwao huweza kukataa kupona.

Msomaji_Upanga

Nimerudi na majibu ya daktari wangu. Utando aliokusudia ni wa nguruwe, wa asili. Nilipomweleza msimamo wangu amesema anaweza kuagiza wa kano ya ng'ombe ambao nyuzi zake zimefungwa pamoja, ila umekakamaa zaidi na fizi huchelewa kuupokea. Je, nitakuwa nimejipunguzia matokeo?

Tabibu_Kinywa

Kwa upana unaouhitaji, hapana, si kwa kiasi cha kukufanya ubadili msimamo. Huo utadumu zaidi, jambo linaloufaa ukingo wenye ukuta mmoja. Hatari yake ni kwamba ukifunuka hautasamehe kama wa asili, kwa hiyo mwulize daktari atailegeza fizi vipi na kama atatumia misumari. Utando upite ukingo wa pengo kwa milimita 2 hadi 3 kila upande, na ukiwa na sura mbili, ile inayokwaruza itazame mfupa na laini itazame fizi. Kwa taya la chini upande huo mwulize pia jinsi atakavyoukwepa mshipa wa fahamu wa mdomo, kwa sababu ganzi ya mdomo isiyoisha ni hasara kuliko jino lenyewe.

Meno yako ya kuvaa yaweke kabatini mpaka nyuzi zitolewe, siku ya 10 hadi ya 14, na hata baadaye yachongwe yasiguse pale. Skani ya pili ifanyike karibu na mwezi wa 6. Upana ukiwa milimita 7 kipandikizi kiwekwe, na ukiwa 5 bado kinaweza kuwekwa chembamba kidogo kwa kuongezewa punje siku hiyo hiyo.